Mkono Ulijibu Wenyewe

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo,
Dar es Salaam.
9 Januari 1994

Baba Mdogo Bakili,

Shikamoo. Kama umekaa kwenye kigoda chako cha kutengenezea baiskeli, weka spana chini kwanza, maana nina mengi. Huku Kariakoo sote wazima. Mama mguu unamsumbua, lakini mdomo mzima kabisa. Juzi kagombana na muuza nazi mpaka yule bwana akahamisha meza yake. Msalimie sana Mama Mdogo Sitara. Mwambie kanga alizoagiza nimeziona, ila nasubiri zije zenye jina zuri kidogo, hizi za sasa zina matusi tu. Spoki na tyubu zako nimempa kondakta wa basi la Lindi. Siku hizi Mtaa wa Kongo spea zimejaa mpaka barabarani, hakuna tena ile ya kujuana na mtu wa dukani.

Sasa nikuambie habari za kazi yangu, kwa sababu najua Mama ameshakuandikishia barua kwa njia yake. Ni kweli, Baba Mdogo, siko tena kwenye daftari za Devendra. Yule bwana mwenye duka la vyuma Mtaa wa Mkunguni, tangu biashara ifunguliwe hatulii: ameleta mitungi ya hewa kutoka Dubai, anapeleka watalii kutazama samaki, anakagua matumbo ya meli bandarini. Mimi nilianza kwa kuandika majina ya wateja tu. Wakaja Wazungu wawili wakanifundisha kuzamia, mwaka haujaisha wakaondoka, Devendra akanigeukia: "Husna, sasa wewe ndiyo mwalimu, mimi nitafute nani tena?" Mtaani nikisema mimi ni mzamiaji wananiuliza nilizamia meli gani na kama nilifika Ugiriki.

Nina wanafunzi sita. Tunaanzia kwenye bwawa la hoteli moja karibu na Posta, wiki ya nne tunaingia baharini. Ishara za mikono ni za wale Wazungu, lakini namna ya kuzifundisha ni yangu. Ile ishara ya sawa, duara la kidole gumba na cha shahada, nimewaambia ni kama salamu. Mtu akikuuliza hujambo, hukai ukatafakari kwanza kama kweli hujambo. Nikiwaonyesha nataka jibu papo hapo. Anayechelewa anazunguka bwawa mara mbili na mtungi mgongoni. Sasa wanajibu hata ukiwaamsha usingizini, na mimi, astaghafirullahi, najivuna.

Nawasimulia pia habari za Baba. Nilikuwa na miaka tisa tu alipokufa kazini chini ya maji, sina ninachojua ila lile neno la Mama la kila mwaka: Nassibu alikufa ametulia. Nawaambia wanafunzi, mwenye hofu majini mtamjua tu, atapapatika, atarusha miguu, atamkaba mwenzake shingo. Aliyetulia hana neno. Mfano wangu ni baba yangu. Lakini wewe ndiye uliyekuwa naye kule chini. Naomba uniandikie vizuri dakika zile, niwasomee darasani kwa maneno yako mwenyewe.

Mwanao,
Husna


Lindi,
30 Januari 1994

Mwanangu Husna,

Marahaba. Barua nimeipokea na mzigo nimeupokea, spoki zimepungua tatu, kondakta anasema panya. Panya wa Lindi hawali chuma, mwambie hivyo ukimwona. Hapa petu tu wazima. Mama yako mdogo anasema hizo kanga zenye matusi ndizo hasa anazozitaka, ana jirani. Mvua ya vuli ilikuwa haba, mihogo imekonda kama vidole.

Mtoto wa kike kufundisha watu kuzamia, haya. Mimi sina la kusema. Tangu nihamie huku mwaka 1978 sijatia hata unyayo baharini, samaki nanunua. Lakini umeniomba, na ni haki ya mtoto kujua.

Ilikuwa mwezi wa Novemba 1977, maji meupe, unaona mpaka mchanga. Tulikuwa tukifunga minyororo kwenye tishari la mizigo lililozama nje ya mlango wa bandari, kina cha pima tisa. Kampuni iliyotuajiri ilikwishakufa na mwenyewe akarudi kwao. Baba yako alikuwa upande mmoja na mimi upande wa pili, hatukuachana hata hatua tano. Nikamwonyesha ishara, akajibu. Nikamwonyesha tena, akajibu. Mara ya tatu akajibu, upesi kama askari. Hakutapatapa, hakunishika, hakurusha mguu. Nikageuka kufunga mnyororo. Nilipotazama tena alikuwa amekitoa kipumulio mdomoni, amelala juu ya sitaha ya lile tishari kama mtu aliyejipumzisha. Nilimpandisha juu na roho imeshatoka. Mtungi wake tuliukuta na hewa nusu nzima, ndiyo maana watu wakasema amechukuliwa na wenyewe wa bahari.

Basi wasomee hivyo. Baba yako alikuwa mwanamume, alikufa ametulia. Mama yako nilimwambia maneno hayo hayo siku ile, na yamemtunza. Baada ya hapa tusiyarudie mazungumzo haya.

Tyubu za namba ishirini na nane zikipatikana, leta nne.

Ni mimi,
Bakili


Kariakoo,
27 Februari 1994

Baba Mdogo,

Shikamoo, na poleni na mfungo. Nusu imeshakwenda. Mama anauliza kama tende mnapata huko. Huku zimejaa, mpaka za Iraki. Nimemwekea Mama Mdogo doti mbili za kanga, moja ina matusi makali, atafurahi. Tyubu nne zipo, safari hii nimezishona ndani ya kiroba, panya waje na sindano.

Baba Mdogo, nusura niue mtu.

Katika wale sita yumo mmoja anaitwa Theophil, mtu wa Ukerewe, ana miaka thelathini na nne, zamani alikuwa mwalimu wa michezo. Kifua kama mlango wa jela. Anaogelea tangu hajajua kusoma, anacheka kila wakati, wenzake wote wanamtegemea. Kwa hiyo ndiye ambaye nilikuwa simtazami. Alhamisi moja kabla ya mfungo tukashuka majini kisiwani Mbudya, pima tano tu, mara yao ya kwanza baharini. Macho yangu yote yalikuwa kwa dada mmoja mwoga mwoga anayeitwa Candida, anayepiga kelele hata kwenye bwawa. Candida akashuka vizuri, kelele zote kaziacha juu. Theophil alikuwa ameshika kamba ya nanga. Nikamwonyesha ishara, akajibu papo hapo. Niliona mapovu yake yanatoka mfululizo, hayana nafasi katikati. Niliona vidole vimeibana ile kamba. Macho yalikuwa wazi kabisa ndani ya miwani, kama mtu anayesoma kibao cha mbali. Nikamwonyesha tena, akajibu tena, safi, duara zuri kama nilivyomfundisha. Nikajisemea, mwanafunzi wangu bora huyu. Nikamgeukia Candida.

Candida ndiye aliyenivuta mkono. Theophil alikuwa amekitoa kipumulio, hewa imejaa mtungini, ametulia tuli. Nilimrudishia mdomoni nikambana pua na kumpandisha, alikunywa maji mengi, akalazwa siku tatu. Devendra alikuja hospitali na matunda, akaninong'oneza, "Mtu amepona, basi, maneno yaishe, wateja watasikia." Ila usiku wake hakulala, mkewe ameniambia, na kesho yake akapiga simu kwa wale wanaomuuzia vifaa waniletee kitabu cha ajali za wazamiaji.

Theophil alipoweza kusema nilimuuliza, mbona ulinipa sawa? Akaniambia, "Mwalimu, mimi nilikuwa sipo. Mkono ulijibu wenyewe." Kisha akaongeza: "Na hata ningekuwepo, ningekuambia nini? Wewe ni mwalimu wangu."

Kitabu kimefika, ni kijitabu tu, nakisoma na kamusi wakati wa mchana huu wa mfungo ambapo watalii hawapo. Kinasema tulikuwa tunatafuta kitu kisichokuwepo. Wapo wanaopapatika, ndiyo, lakini wengi hofu ikiwashika hukauka. Pumzi fupi fupi, mkono hauachii kitu, macho wazi yasiyoona, na ishara wanajibu kwa mazoea. Anayepapatika utamwona. Huyu mwingine utampita. Na mimi ndiye niliyeufundisha mkono wa Theophil kujibu bila mwenyewe!

Nakuandikia wewe kwa sababu hapa nyumbani sina wa kumwambia, Mama akisikia atanifungia mlango. Wewe umefanya kazi chini ya maji miaka mingi. Uliwahi kuona macho ya namna hiyo?

Mwanao,
Husna


Lindi,
29 Mei 1994

Mwanangu Husna,

Baada ya salamu, sisi hatujambo, tunamshukuru Mungu, wasiwasi ni juu yenu mlio mbali. Barua yako ilifika mwezi wa Machi. Majibu yamechelewa kwa sababu ya masika, njia ya Rufiji ilikatika na mabasi hayakupita. Idi Kubwa tumekula vizuri. Tulichinja mbuzi pamoja na yule jirani wa Sitara, wamepatana, kanga ya matusi imewekwa sandukuni kwa akiba. Baiskeli zimekuwa nyingi, za Kichina, pedali zinang'oka zenyewe. Tyubu usilete tena, ninazo. Mihogo imepona. Kuku wawili wamekufa kwa kideri.

Huyo mwanafunzi wako namshukuru Mungu kapona. Hayo uliyoniuliza sikumbuki, miaka ni mingi, na maji ya bandari hayaonyeshi macho ya mtu.

Alikuwa anakutazama wewe, au anatazama nyuma yako? Si lazima unijibu.

Bakili


Kariakoo,
12 Juni 1994

Baba Mdogo wangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Nilipoona mwandiko wako kwenye bahasha niliruka pale pale sandukuni Posta, mlinzi akacheka. Miezi mitatu! Nilidhani umeumwa. Huku hatujambo. Mtaa wetu siku hizi una televisheni, ipo kwa fundi cherehani pale kona, watu wanajazana dirishani kama wanagawiwa sukari, na Kombe la Dunia ndiyo hilo linaanza, nguo za watu zitashonwa mwezi wa nane. Mama anasema hatazami kitu kisichomtazama, lakini jana nimemkuta kibarazani kwa fundi na kigoda chake.

Baba Mdogo, yale ya Theophil niliyokuandikia, usiyatilie maanani sana. Nilikuwa nimefunga, nimechoka, nikaandika kama mtu aliyeona jini. Theophil ni mtu wa maji ya ziwa, bahari hakuizoea, halafu siku ile alikuwa na mafua. Kile kijitabu nacho kimeandikwa kwa ajili ya watu wanaozamia kwenye maji ya barafu. Baba alikuwa mtu mwingine kabisa, mzoefu. Vifaa vya zamani navyo vilikuwa na matatizo yake, na yawezekana moyo ulisimama tu, hata daktari asingeweza kujua. Kwa hiyo usikae ukafikiri.

Ile barua yako ya Januari nilikuwa nawasomea wanafunzi, sasa siwasomei tena. Ililowa kwenye boti, wino umeenea, herufi hazionekani.

Theophil amerudi kwetu, majini bado, kwa sasa anaosha vifaa. Je, unakula vizuri? Unalala? Mwambie Mama Mdogo aniandikie yeye mwenyewe, hata mistari miwili.

Mwanao akupendaye,
Husna


Lindi,
10 Julai 1994

Mwanangu Husna,

Marahaba. Sitara hajui kuandika, na wewe unalijua hilo tangu utoto wako, kwa hiyo nimeelewa ulichokuwa unaniuliza. Silali.

Karatasi haikulowa. Baba yako alikuwa hivyo hivyo, akidanganya hutoa sababu nyingi. Wewe umenipa mafua, barafu, moyo na vifaa katika ukurasa mmoja. Umefanya kwa kunihurumia, nami nimelia, nakuambia waziwazi, nimelia mbele ya mteja aliyeleta pancha, mpaka akaniachia baiskeli akaenda zake. Lakini usinidanganye kama mimi nilivyomdanganya mama yako.

Maji yalikuwa meupe. Nilikuandikia hivyo Januari, na Mei nikakuandikia kinyume, nawe bila shaka umeziweka barua mbili pamoja ukaona.

Asubuhi ile kwenye boti nilimwambia Kaka kuwa kamba yake ameifunga vibaya. Nilikuwa sahihi. Akanigeukia mbele ya watu: "Tangu lini umekuwa mkubwa wangu?" Boti nzima ikacheka. Nikashuka majini na kinyongo changu.

Kule chini nikaona mapovu yake yanakwenda mbio, hayana nafasi katikati. Mkono mmoja ameshika chuma cha tishari na haachii. Nikamwonyesha ishara, akajibu. Husna, alikuwa ananitazama mimi na hanioni. Miaka kumi na saba nimetafuta maneno ya kuelezea yale macho, wewe ukaniletea kwa posta, kama mtu anayesoma kibao cha mbali. Nikamwonyesha tena kwa kuwa jibu la kwanza sikuliamini. Mtu haulizi mara tatu jambo aliloliamini. Mara ya tatu nilinyoosha mkono nimshike ukosi nimpandishe.

Nikaurudisha.

Nilifikiri tukifika juu atakuwa mzima, atanitukana mbele ya wale wale waliocheka. Huyu ni kaka yangu mkubwa, ndiye aliyenitia jandoni, ndiye aliyenitafutia kazi. Keshaniambia sawa mara tatu. Mdogo anamshika mkubwa wake ukosi, anamburura kama mwizi? Nikamwonea haya. Na ndani ya ile haya ilikuwemo hasira yangu ya asubuhi, hiyo nayo sitaificha. Nilisema moyoni, kama yuko sawa na awe sawa. Nikageuka nikafunga mnyororo, na niliufunga vizuri sana.

Mama yako aliniuliza swali moja tu siku ile, aliteseka? Nikasema alitulia. Sikusema uongo na ndiyo ubaya wake, maana neno lilikuwa la kweli na mimi nikajificha humo. Nilijaribu hata kuamini kwamba aliyetulia hana neno, kama ulivyokuwa ukiwafundisha wanafunzi wako, na pengine mambo hayo yalianzia kwangu. Arubaini ilipokwisha nikapanda basi. Dar sijaikanyaga tena. Harusi yako ile iliyovunjika, msiba wa shangazi yako, mguu wa mama yako, kila mara nilikuwa na udhuru, na udhuru wote ulikuwa huu mmoja.

Msomee mama yako barua hii, au usimsomee. Sitaki tena kumchagulia mtu la kujua.

Na hao wanafunzi wako, usiwafundishe adabu ya majini. Adabu waiache kwenye boti.

Baba yako mdogo,
Bakili


Kariakoo,
28 Agosti 1994

Baba Mdogo,

Shikamoo. Barua yako ilifika Julai hiyo hiyo. Sina mvua wala Rufiji ya kusingizia, nilikuwa naogopa tu kuijibu. Mama hajambo kwa mwili. Maulidi yamepita salama, mtaa mzima ulinuka pilau na udi.

Kwanza nikuombe radhi. Aprili, Theophil aliporudi kusikiliza darasani, nilikaa na darasa nikawasomea ile barua yako ya Januari kama kawaida. Nilipomaliza akanyoosha mkono akaniuliza, "Mwalimu, macho yake yalikuwaje?" Basi. Nilikunja karatasi nikatoka pale bwawani, nikakaa kwenye ngazi za hoteli. Pale ndipo nilipokumbuka nilichokuandikia Februari. Nilikuuliza wewe, Baba Mdogo, wewe wa kwanza duniani, kama uliwahi kuona macho ya namna hiyo! Wallahi sikujua nilikuwa nauliza nini. Halafu nikaja na uongo wangu wa mafua.

Sasa sitakudanganya tena, kwa hiyo siwezi kukuambia hukukosea. Ungempandisha, huenda leo ningekuwa na baba. Hilo nimelilia, na siku nyingine nilikuchukia kutwa nzima, kisha jioni nikakukumbuka. Lakini Theophil nami nilimwona. Mapovu niliyaona, vidole niliviona, na mimi sikunyoosha hata mkono. Wewe uliunyoosha.

Siku hizi hatuulizi sawa tukaridhika. Tunamuuliza mtu hewa iliyobaki, naye anatakiwa kusoma geji yake, ile saa ya kupimia hewa, na kujibu kwa vidole. Mwenye akili zake atasoma. Asiyekuwepo atakupa sawa. Akikupa sawa badala ya hesabu, mpandishe polepole, usimuulize tena. Na sharti la pili nimelibandika ukutani kwa Devendra: mdogo akimpandisha mkubwa, mwanafunzi akimpandisha mwalimu, hakuna kufokewa, hata kama amekosea. Devendra alilisoma mara mbili akauliza, "Hata mimi?" Nikamwambia hata wewe, bwana, ila wewe kwanza jifunze kuogelea.

Wiki iliyopita Theophil alirudi chini kwa mara ya kwanza. Mimi nilikuwa nimemkodolea macho pweza mmoja aliyejibanza kwenye jiwe, sijui hata Theophil aliniuliza mara ngapi hewa yangu, nikampa duara la sawa bila kugeuka. Nikahisi nimeshikwa ukosi. Akanipandisha, Baba Mdogo, polepole kwa kufuata sheria zote, kanikumbatia kama gunia la mkaa mpaka juu, na juu kuna Devendra na wageni wanne wa Kijerumani wanamtazama mwalimu wao anavyookolewa. Nilikuwa mzima. Mzima kabisa! Ulimi uliniwasha, ulimi wa Mama huu huu. Yeye alikuwa ananitazama, maji yanamchuruzika usoni, anasubiri. Nikamwambia, "Ahsante, Theophil." Nikalirudia kwa sauti, wote wasikie.

Mama nilimsomea barua yako Ijumaa moja baada ya chakula cha mchana. Nilisoma yote, hata ile hasira ya asubuhi. Alikuwa anachambua mchele. Akaendelea mpaka sinia likaisha, kisha akauchambua tena mchele ule ule. Siku tatu hakulitaja jina lako, na mimi sikuthubutu. Siku ya nne akaniita niandike, akaniambia niyaandike kama anavyoyasema, nisipambe. Maneno yake ni haya:

"Mwambie Bakili, miaka kumi na saba nimemsifu kwa watu. Mwambie nina hasira naye, na sijui itakwisha lini. Mwambie mimi ni mke wa kaka yake, siwezi kumkasirikia mtu kwenye karatasi. Aje akae hapa mbele yangu, nimkasirikie nikimwona."

Nikamuuliza kama niongeze kitu. Akaanza kuinuka na mguu wake ule, nikadhani amemaliza, nikaanza kufunika kalamu.

"Mwambie aje na Sitara," akasema. "Asisafiri peke yake."

Mwanao,
Husna